Meseji ya bei ya mahindi: Inatoka wapi, na kwa nini inaweza kukupiga hasara

Mfanyabiashara wa mahindi yuko gulioni Migato, wilayani Itilima mkoani Simiyu. Kitochi kinalia, meseji inasema mahindi Mwanza ni Sh720 kwa kilo. Pale aliposimama yanauzwa Sh600. Apakie mzigo leo au asubiri?

Tuseme anachukua gunia 30 za kilo 100. Tofauti ya Sh120 kwa kilo inampa Sh360,000. Gari likila Sh180,000, kupakia na kushusha Sh60,000, anabaki na Sh120,000, na hapo ushuru bado. Hiyo ni Sh40 tu kwa kilo. Akifika akakuta bei imeshuka kwa Sh50, tayari ana hasara ya Sh30,000.

Ndiyo maana ni muhimu kujua namba ile imetoka wapi.

Mfumo wenyewe unatuma meseji bila mtu kubonyeza, lakini bei haijipimi. Mwanzo wa safari ni mtu anayezunguka sokoni, anawauliza wauzaji kadhaa, kisha anaingiza bei kwenye simu. Kompyuta inatafuta wastani na kuzishtukia namba za ajabu: kama jana ilikuwa 720 na leo imeandikwa 7,200, inazuiwa ihakikiwe.

Baada ya hapo mfumo unalinganisha bei hiyo na maombi ya wateja. Uliyesema "nishtue mahindi Mwanza yakivuka 700" unatumiwa, mwenzako aliyeweka 750 hapati kitu. Ujumbe unapitia mtandao wa simu kama meseji ya kawaida, hivyo hauhitaji intaneti wala simu janja. Ila simu ikiwa imezimwa chaji, ujumbe unasubiri, na bei inazidi kuchacha.

Sasa tatizo ambalo wengi hawalioni: lumbesa. Mkusanya bei akiambiwa gunia ni Sh72,000, mfumo unagawa kwa 100 na kutangaza Sh720 kwa kilo. Kumbe gunia lile limeshonewa kilemba na lina kilo 120. Bei halisi ni Sh600, sawasawa na ya Migato! Kompyuta haina namna ya kuliona gunia. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria na Wakala wa Vipimo hulipigia kelele kila mara, lakini bado lipo.

Angalia pia kama bei ni ya jumla au ya rejareja, na ni ya tarehe gani. Meseji isiyo na tarehe, ipuuze.

Si mazao yote ya Simiyu yanaendeshwa hivi. Pamba hutangaziwa bei elekezi ya msimu. Choroko na dengu zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, wanunuzi hushindana kwenye mnada wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei inayotoka pale ni ya mzigo uliouzwa kweli, siyo ya kuulizia.

Huduma hizi si ngeni. Tigo Kilimo ilianza mwaka 2012 ikitoa bei, hali ya hewa na ushauri wa kilimo kwa simu. Je, zinaongeza kipato? Kerala, India, wavuvi walipopata simu kati ya 1997 na 2001 walianza kuulizia bei wakiwa baharini, na tofauti za bei kati ya masoko zikapungua sana. Lakini utafiti mwingine wa India, katika vijiji 100 vya Maharashtra, haukukuta wakulima waliotumiwa meseji za bei wakiuza kwa bei nzuri kuliko wenzao.

Mvuvi ana boti, anageuza tu usukani. Mfanyabiashara wa Migato anapaswa kwanza kupata gari. Kwa hiyo kabla ya kupakia, apige simu moja kwa mtu aliyepo sokoni Mwanza, amuulize swali moja: gunia hilo lina kilo ngapi?