Cheni ya bei ya chini, mahindi yanalala njiani

Ndugu wanachama, kipindi cha mvua kilichopita tulikuwa tunaleta mahindi Kalemie kwa piki, kwenye njia ya Nyunzu. Cheni mpya, haijamaliza hata mwezi, ikakatika. Mvua ikatukuta pale pale. Magunia mawili yakalowa, mnunuzi akayakataa. Kurudi butike, muuzaji akatujibu: "Kitu kikishatoka hapa, si changu tena." Na fakture hatukuwa nayo.

Kipande kisichotoka kwa kampuni iliyotengeneza piki si lazima kiwe kibaya. Vizuri viko, lakini ni lazima kuchagua. Sasa tunafanya hivi:

– Tunaenda na cheni ya zamani mkononi. Piki nyingi za 125 na 150 zinavaa cheni ya 428, namba inaandikwa kwenye chuma chenyewe. Ile ya 428H ina chuma kinene zaidi, inafaa kwa mizigo.

– Tunabadilisha cheni pamoja na pinyo zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Meno yaliyochongoka yanakula cheni mpya haraka.

– Mbele ya kutoa franga tunauliza: kisipoingia, utakirudisha? Ndani ya siku ngapi? Jibu linaandikwa kwenye fakture, na tarehe.

Muuzaji akikataa kuandika, tunaenda kwingine. Mtu mmoja akilalamika anafukuzwa. Ushirika ukienda na piki kumi, anasikilizwa. Kwenye mkutano ujao, tuchague pamoja butike ya kununulia.