Mshale Usemao Uongo: Geji na Swichi za Magari ya Zamani Yanayovuka Mipaka Yetu



Jioni moja ya msimu wa kiangazi, katika barabara itokayo Rusumo kuja Kigali, tulikuta gari la zamani la wageni limeegeshwa kando ya barabara karibu na Kirehe. Lilikuwa gari la aina ile ambayo watu husafiri nayo na kulala humo humo: paa la kuinuliwa, vitanda, jiko dogo la gesi, na watoto wawili waliokwisha kuchoka. Pembetatu ya tahadhari ilikuwa imewekwa mahali pake, jambo lililotufurahisha. Baba wa familia alitueleza kwamba mshale wa joto la injini ulikuwa kwenye alama nyekundu tangu walipovuka daraja la Rusumo, na kwamba amekuwa akisimama kila baada ya kilomita chache ili injini ipoe. Fundi kijana aliyeitwa kutoka senta ya jirani alikwisha kufungua boneti, akawa anashauri rejeta iondolewe.

Dereva wa doria yetu, ambaye ameendesha magari mabovu miaka mingi kuliko tunavyopenda kukiri, hakushughulika na rejeta. Aliinama, akasikiliza, akasogeza kiganja karibu na mpira wa maji, akaona hakuna mvuke wala joto la kutisha. Kisha akachungulia dashibodi na kuuliza swali moja tu: mafuta mlijaza wapi? Kahama, wakajibu, jana asubuhi. Mshale wa mafuta ulikuwa unaonyesha tangi limejaa pomoni.

“Mdogo wangu,” akamwambia fundi, “hapa mishale miwili inaongopa kwa pamoja. Acha rejeta ya watu.”

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kinafundisha kanuni ambayo kila mwenye gari la zamani anapaswa kuifahamu kabla hajamlipa fundi yeyote. Geji moja ikiharibika, tafuta kasoro ya geji hiyo. Geji mbili au tatu zikiharibika kwa wakati mmoja, ziache zenyewe, tafuta kile zinachochangia.

Geji za magari mengi ya zamani hufanya kazi kwa njia iliyo rahisi. Ndani ya geji mna kipande cha madini kilichozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata joto, kipande kinajikunja na kuusukuma mshale. Ndiyo maana mshale wa namna hiyo hupanda taratibu, wala hauruki. Kiasi cha umeme unaopita huamuliwa na kifaa kilichoko mwisho wa waya: kwenye tangi ni floti inayopanda na kushuka pamoja na mafuta, na kwenye injini ni kihisi kinachobadilika kadiri maji yanavyopata joto. Lakini umeme wa gari wenyewe hautulii. Betri ikiwa peke yake hutoa volti 12 na ushei. Alternata ikichaji hufika volti 14. Kama geji zingepewa umeme huo jinsi ulivyo, mishale ingepanda na kushuka kila dereva anapokanyaga mafuta. Kwa hiyo watengenezaji waliweka kidhibiti kidogo cha umeme nyuma ya dashibodi. Katika Land Rover nyingi za zamani na magari mengine ya Uingereza yenye geji za Smiths, kidhibiti hicho hutoa wastani wa volti 10, na hulisha geji ya mafuta na geji ya joto kwa pamoja. Katika baadhi ya magari ya Kijapani ya miaka ile, kimefichwa ndani ya geji yenyewe.

Kidhibiti hicho hakiwezi kufanya kazi kisipopata ethi, yaani njia ya kurudishia umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia yenyewe mara nyingi ni skrubu moja tu. Skrubu ikishika kutu au ikilegea kwa mtikisiko wa barabara za vumbi, kidhibiti hupitisha volti zote bila kuzipunguza, na mishale yote hupanda juu kuliko ukweli. Kidhibiti kikikatika kabisa, mishale yote hulala chini.

Dereva wetu alifungua skrubu hiyo kwa bisibisi, akasugua kutu kwa kipande cha msasa, akaikaza. Alipofungua swichi ya ufunguo na kuwasha injini, mshale wa joto ulitulia katikati. Mshale wa mafuta nao ukateremka, ukateremka tena, hadi ukakaribia sifuri. Wageni waliokuwa wakihofia kuchemka kwa injini wakatambua kwamba kilichokuwa karibu kuwalaza njiani ni ukosefu wa dizeli. Tuliwaelekeza kwenye kituo cha mafuta.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi, nao tumeuona katika magari ya biashara. Mwenye gari huambiwa, “Mshale huu ni mgonjwa, usiujali.” Basi hutembea nao ukiwa mwekundu miezi kadhaa, dereva akizoea kama mtu anavyozoea mbwa abwekaye ovyo. Siku mpira wa maji unapopasuka katika kupanda Shyorongi, mshale husema kweli kwa mara ya kwanza, na hakuna wa kuusadiki. Injini hukwama juu ya kona, usiku, na malori yakija nyuma. Geji iliyokufa ina heri, maana dereva anajua hana geji. Ile inayodanganya humfundisha dereva kutokuamini onyo.

Sasa, ikiwa mshale mmoja tu ndio wenye kasoro, jaribio ni dogo. Chomoa waya kwenye kihisi cha joto pale kwenye injini, fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha uguse ncha ya waya huo kwenye chuma safi cha injini kwa sekunde chache tu. Katika magari mengi ya zamani mshale utaanza kupanda. Ukipanda, geji na waya ni vizima, na kasoro iko kwenye kihisi. Usipopanda, kasoro iko kwenye waya au geji. Zipo aina za magari ambazo mshale huenda kinyume, kwa hiyo soma kitabu cha gari kama kipo. Usiushikilie waya hapo muda mrefu, kwani geji yaweza kuungua. Na tunasisitiza: jaribio hili lisifanywe juu ya tangi la mafuta. Cheche moja karibu na mvuke wa petroli yatosha. Kwa upande wa tangi, mwachie fundi aliyezoea, akatize waya kwenye kiungo kilicho mbali, na aanze kwa kukagua ethi ya tangi, ambayo hukaa chini kwenye matope na hushika kutu kabla ya vitu vingine.

Tukija kwenye swichi, malalamiko makubwa tunayosikia ni taa za mbele zenye mwanga hafifu. Wengi hununua balbu kubwa zaidi, na hapo huongeza tatizo. Katika magari ya zamani, umeme wote wa taa hupita ndani ya swichi ya dashibodi. Baada ya miaka 30 au 40, viungo vya ndani vimeungua na umeme hupungua njiani. Weka kidole kwenye swichi baada ya kuwasha taa dakika 10. Ikiwa ya moto, umepata jibu. Fundi mwenye mita apime volti kwenye betri, kisha kwenye balbu, taa zikiwa zimewaka na injini ikinguruma. Tofauti ikizidi volti 1, shida iko njiani, wala si kwenye balbu. Dawa yake ni rilei: swichi inabaki kutoa amri tu, na umeme mzito unapita kwenye waya mpya mnene wenye fyuzi yake. Mafundi wa umeme wa magari wa Gatsata, hapo kwenye barabara ya kwenda Gatuna, huifanya kazi hiyo kila siku.

Indiketa zisipofanya kazi ilhali zile za dharura zinawaka zote nne, usikimbilie kubadilisha kifaa cha kumetesha. Katika magari mengi umeme wa indiketa hupitia ndani ya swichi ya dharura, na swichi hiyo isipotumika muda mrefu hushika uchafu. Ibonyeze na kuiachia mara 10 hadi 20. Inashangaza ni mara ngapi indiketa hufufuka. Zisipofufuka, kagua fyuzi.

Kuhusu fyuzi tutasema machache, na tutayasema kwa ukali. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara si fyuzi. Msumari si fyuzi. Waya wa shaba uliokunjwa mara tatu si fyuzi. Fyuzi iliyokatika imekuarifu kwamba kuna waya uliochubuka mahali fulani. Ukiizuia isikatike, kitakachokatika ni waya wenyewe, na waya hukatika kwa moto. Katika gari lenye magodoro, mapazia na mtungi wa gesi, au katika basi dogo lenye abiria 18, hatuhitaji kueleza zaidi. Weka fyuzi ya ampea zile zile, na kama viota vyake vina ukungu wa kijani, visugue kwanza. Mara nyingi fyuzi ni nzima na kiota ndicho kibovu.

Ipo pia tabia ya kuchomoa balbu za onyo, au kuzibandika utepe mweusi, ili dereva asikerwe. Mbali na hatari iliyo wazi, wengi hawajui kwamba katika magari mengi ya zamani taa ndogo ya betri ni sehemu ya mfumo wa kuchaji: umeme unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha alternata. Ukiitoa balbu, alternata yaweza isichaji kabisa. Tumewahi kumsikia dereva akilalamika kwamba amenunua betri mbili kwa mwaka mmoja, na chanzo kilikuwa balbu ya bei ya soda.

Ndiyo maana askari anapokuomba ufungue swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, hakupotezei muda. Anatazama kama taa ya presha ya oili, ya betri na ya breki zinawaka, kisha kama zinazimika injini inapowaka. Taa isiyowaka kamwe inatutia shaka kuliko ile isiyozimika. Kwa malori yenye breki za upepo tunatazama pia geji ya upepo, na king’ora chake, maana kutoka nyanda za Musanze kuteremka kuingia Rubavu hakuna mahali pazuri pa kugundua kwamba upepo umekwisha. Gari lenye mashaka hupelekwa kwenye kituo cha ukaguzi wa magari, kama kile cha Remera hapa Kigali, na dereva anayejitokeza mapema kueleza kasoro yake husaidiwa. Lengo letu ni gari lifike.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wanaopokea wageni au kununua magari ya zamani kutoka nje. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Uingereza yana spidomita ya maili. Mshale ukisimama kwenye 40, gari linakwenda takriban kilomita 64 kwa saa, na ukisimama kwenye 60 ni kilomita 97. Mgeni aliyetoka Uganda au Tanzania, ambaye saa hiyo hiyo amehama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, ana mengi ya kufikiria, na hesabu hiyo humponyoka. Kipande cha karatasi chenye hesabu hizo, kikibandikwa pembeni mwa spidomita, kinatosha. Gari likikwama mahali pa hatari, watoe watu wote nje ya barabara kwanza, weka pembetatu, kisha utupigie. Ajali ya barabarani ikitokea, namba ni 113, na kwa dharura nyingine ni 112.