Lango la Uwanja wa Ndege

Wanangu, mkiwasha gemu ya ulimwengu wazi, ile inayomwachia mchezaji nchi nzima azurure anavyotaka, fanyeni jambo moja kabla ya mengine yote: nendeni uwanja wa ndege. Msiende kwa sababu ya ndege tu. Nendeni kwa sababu hapo ndipo watengenezaji wa gemu wanapolazimika kusema ukweli.

Barabarani wanaweza kuyachezea macho yenu. Wataweka kona hapa, daraja pale, kilima kidogo cha kuziba upeo, na gari litazunguka mitaa ile ile huku mkiamini mji hauna mwisho. Ndege haina kona. Ikishapanda tu, inaona kila kitu kwa mara moja: bahari inaanzia wapi, nyumba zinaishia wapi, na kama nyuma ya kilima kile kuna mji wa kweli au hamna kitu.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka 2004 ilitoka Grand Theft Auto: San Andreas. Nawaambia mapema kwamba gemu za jina hilo ni za watu wazima. Ulaya zimepigwa alama ya miaka 18 kwa sababu ya damu na matusi yaliyomo, na alama hiyo naiheshimu. Lakini habari za viwanja vyake vya ndege mtu anaweza kuzisikiliza bila kushika padi. Ramani ya San Andreas ni mraba wa takriban kilomita 6 kila upande, na ndani yake mmeshindiliwa miji mitatu, jangwa, mlima na misitu. Sasa chukueni njia ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere pale Dar es Salaam, ambayo ina urefu wa mita 3,000. Ilazeni juu ya ramani hiyo: imekula nusu ya upana wa nchi. Na ndege ya abiria iliyokwisha kushika mwendo wake wa juu angani, tuseme kilomita 900 kwa saa, ingevuka nchi yote toka ukingo hadi ukingo kwa sekunde 24.

Basi ikabidi njia zifupishwe na ndege zipunguzwe kasi. Hata hivyo kulibaki tatizo kubwa zaidi, nalo liko ndani ya mashine. PlayStation 2, ambayo gemu ile ilitengenezewa, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32. Simu ya gigabaiti 2 inaizidi mara 64. Nchi yote isingeenea humo hata kidogo. Kwa hiyo mashine ilisoma kutoka kwenye diski kile kipande kilicho karibu na mchezaji tu, na akishapita inakiachia ili kipande kingine kipate nafasi, kama mtu anayetandika mkeka mbele yako na kuukunja nyuma yako unavyotembea. Ukienda kwa gari, mtandikaji anawahi. Ukienda kwa ndege anatweta, na ukungu unawekwa kwa mbali kusudi usione anavyohangaika.

Watengenezaji walilijua hilo tangu gemu yao ya awali, Grand Theft Auto III ya mwaka 2001. Humo mlikuwa na uwanja mkubwa wa ndege ulioitwa Francis International, na ndege moja tu ambayo mchezaji aliweza kuipanda: Dodo, kindege kidogo kilichokatwa mabawa. Kiliruka kidogo kikaanguka. Wachezaji wenye subira wakajifunza kukituliza, pua chini kidogo, juu kidogo, mpaka kikakaa hewani. Na walipofika nyuma ya vilima wakakuta mtaa ambao hakuna barabara iendayo huko, wenye majengo yasiyo na mgongo, kuta za mbele tu. Ulijengwa kwa ajili ya filamu fupi ya mwanzo wa gemu, kisha ukaachwa palepale. Asingepanda Dodo mtu, mtaa ule usingejulikana.

San Andreas ndiyo iliyopata dawa, na mimi naiona kuwa dawa nzuri kupita zote nilizowahi kuziona katika gemu. Ina viwanja vikubwa vitatu, kimoja kwa kila mji, na vyote vina mageti yaliyofungwa. Unapita nje, unaona ndege zimeegeshwa, huwezi kuingia kwa njia ya kawaida. Ufunguo uko mbali, jangwani, kwenye kiwanja chakavu kiitwacho Verdant Meadows. Mhusika anakinunua kwa dola 80,000 za gemu, na hapo anakuta shule ya urubani yenye masomo kumi. La kwanza ni kuruka tu. La pili kutua, na hapo wengi hujikuta wakirudia na kurudia. Baadaye inakuja helikopta, kupinduka angani, na mwisho kuruka kwa mwavuli. Ukifaulu unapewa leseni, na kuanzia siku hiyo mageti ya viwanja vyote yanafunguka unapoyakaribia. Hata tiketi unaweza kukata, ukasafiri toka mji hadi mji kama abiria.

Angalieni walichofanya. Wangeweza kuishia kwenye bei, wakasema pesa zako hazitoshi. Badala yake wakaongeza: jifunze kwanza. Na kwa kuwa masomo yenyewe ni magumu kweli, mchezaji anapokuja kuiona nchi kutoka juu, ameshaizunguka kwa magari muda mrefu na kila kilima anakifahamu. Udogo wake haumkati tena tamaa.

Grand Theft Auto V ya mwaka 2013 ina uwanja wa kupendeza zaidi kwa macho. Umeigwa kutoka uwanja wa Los Angeles, mpaka lile jengo maarufu la miguu minne inayopinda lililokamilika mwaka 1961. Ila milango ya jengo la abiria haifunguki. Na ukirusha ndege mbali mno baharini, injini inazima ghafla, unaanguka. Ndivyo gemu ile inavyosema kwamba dunia imekwisha. Siipendi njia hiyo.

Sasa niwasimulie kuhusu kiwanja kimoja cha kweli, kwa sababu kisa chake kinanigusa kuliko vyote hivi.

Mjini Chicago, Marekani, kando ya Ziwa Michigan, kuna ardhi iliyotengenezwa na watu kwa kujaza ziwa, iitwayo Northerly Island. Mwaka 1948 palifunguliwa hapo kiwanja kidogo cha ndege chenye njia moja tu ya kurukia, isiyofika hata mita 1,200. Kilikuja kuitwa Meigs Field. Upande mmoja maji, upande wa pili maghorofa marefu ya mji. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilipotoa gemu yake ya kwanza ya kuendesha ndege, Flight Simulator, iliyobuniwa na Bruce Artwick, mchezaji alipoiwasha alijikuta ameketi kwenye ndege ndogo mwanzoni mwa njia ya Meigs. Picha zilikuwa mistari na rangi chache tu. Lakini ziwa lilikuwepo, na maghorofa yalikuwepo. Kwa miaka mingi, toleo baada ya toleo, safari ilianzia hapo. Watu wa nchi nyingi, ambao Chicago hawajaikanyaga, walikijua kiwanja hicho kama wanavyoujua uwanja wa shule yao.

Meya wa Chicago, Richard M. Daley, alitaka pale pawe bustani ya watu wote. Mabishano yalichukua miaka. Kisha, usiku wa Machi 30 mwaka 2003, matingatinga yaliingia kiwanjani bila tangazo na kuchimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia. Kulipokucha, ndege 16 zilikuwa zimekwama hapo. Baadaye ziliruhusiwa kuondoka kwa kutumia njia nyembamba ya pembeni, ile ambayo ndege hupita ardhini kabla ya kuruka. Meya alisema alifanya hivyo kwa ajili ya usalama. Serikali kuu ikautoza mji faini ya dola 33,000. Leo pale pana bustani, na sisemi bustani ni jambo baya. Watoto wa Chicago wanahitaji mahali pa kukimbia. Ila kubomoa usiku, watu wamelala, si njia ya kumaliza mabishano.

Miezi michache baadaye mwaka huohuo likatoka toleo jipya la Flight Simulator. Meigs ilikuwemo, nzima, njia yake haina hata mchubuko. Katika toleo lililofuata ikaondolewa, maana ardhini haikuwepo tena. Wachezaji waliipigania kwa kuitengeneza wenyewe na kugawiana. Na mwaka 2022, gemu hiyo ilipotimiza miaka 40, Microsoft wakairudisha rasmi, pamoja na ndege za kale, ikiwemo ya ndugu Wright. Kwa hiyo leo kijana aliyezaliwa baada ya matingatinga anaweza kutua Meigs, ingawa rubani wa kweli hawezi.

Gemu hii, katika toleo lake la mwaka 2020, imefanya jambo ambalo San Andreas isingeliota: nchi yake ni dunia yote, yenye viwanja vya ndege 37,000. Hakuna kikundi cha watu kinachoweza kujenga vyote hivyo kwa mkono. Toleo la kawaida lilikuwa na viwanja 30 vilivyojengwa kwa uangalifu wa pekee. Barani Afrika, viwanja vya Cairo na Cape Town vilipata nafasi hiyo katika matoleo ya bei ya juu zaidi. Viwanja vingine vingi vilitengenezwa kwa kufuata picha za angani, na majengo ya mijini yakapandishwa na programu zinazosoma picha hizo pamoja na takwimu za ramani. Baadhi ya takwimu zilitoka OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Mchoraji mmoja alikuwa ameandika kwamba jengo fulani katika kitongoji cha Melbourne, Australia, lina ghorofa 212, alipotaka kuandika 2. Programu ikatii. Ukasimama mnara mwembamba wa kutisha katikati ya nyumba za kawaida, na wachezaji wakaruka kutoka kila pembe kwenda kuutazama.

Ramani hiyohiyo inachorwa na watu wa kwetu pia. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu wakatembea mitaani pamoja na wakazi, wakiandika nyumba, mitaro na mahali maji ya mafuriko yanapopita, kisha wakayaingiza katika OpenStreetMap, ambako mtu yeyote duniani, awe mhandisi au mtengeneza gemu, anaweza kuyachukua. Kujiunga ni bure. Mkitaka kuanza, chagueni jengo moja mnalolipita kila siku, simameni mbele yake, hesabuni ghorofa zake kwa macho yenu, ndipo muandike.