Galoni Mbili, Jina Moja

Jirani yangu hapa Kawangware hufuga kuku wa mayai. Juma lililopita alinijia na chupa ya dawa ya kuulia viini bandani, iliyotengenezwa Marekani, akaniomba nimfasirie maandishi yake: aunsi 1 ya dawa kwa galoni 1 ya maji. Mimi niliyesoma zamani nilimjibu bila kusita, "Galoni ni lita nne na nusu, mama." Akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule shaka ilinikosesha usingizi. Galoni niliyofunzwa shuleni ni ya Waingereza, lita 4.546. Ya Wamarekani ni lita 3.785 tu. Hiyo ndogo ni galoni ya mvinyo iliyowekwa kwa sheria ya Uingereza mwaka 1707; Waingereza waliiacha mwaka 1824, Wamarekani wakabaki nayo. Kwa kipimo nilichompa, dawa ingepungua nguvu kwa sehemu moja katika sita, na mayai yale ndiyo karo ya wanawe.

Msomaji ataniambia kwamba Kenya hupima kwa lita tangu zamani. Naam, kwa sheria. Walakini sokoni Kawangware maharagwe yangali yanapimwa kwa gorogoro, na wako wauzaji wanaougonga mkebe huo kitako hata ukabonyea ndani. Debe nalo lilikuwa galoni nne za Kiingereza, yapata lita 18. Leo mchuuzi wa maji akitaja mtungi, ana maana ya lita 20. Lakini gorogoro mnunuzi aweza kulipapasa kitako kwa mkono wake. Galoni iliyoandikwa kwenye chupa haina kitako cha kupapasa.

Ndiyo maana nawalaumu wenye maduka ya pembejeo katikati ya jiji. Huagiza dawa ng'ambo, wakaziuza vivi hivi. Ingewagharimu nini kubandika karatasi ndogo yenye maneno haya: mililita 30 kwa lita 3.8 za maji? Na wakaguzi wa vipimo, mbona hawapiti huko?

Alfajiri nilikwenda kwa jirani, nikamkuta hajachanganya. Tulitumia chupa ya soda ya nusu lita: saba na nusu, kuzidi kidogo. Kisha akachora alama kwa msumari ndani ya ndoo. Hakunilaumu, ila aliniuliza kama aunsi nayo nina hakika nayo.