Mguu Sawa, Mguu Pande: Mishipa Inayovimba Miguuni na Dawa za Nyumbani

Giza linapoingia katika mtaa wa Nyarutarama, wilayani Gasabo, jijini Kigali, wako watu ambao kazi yao ni kusimama. Askari wa doria husimama penye njia panda, na mlinzi husimama mbele ya lango. Ndani ya nyumba, mama aliyeshinda jikoni na penye beseni la nguo bado hajaketi. Kunapokucha na buti au viatu vinapovuliwa, baadhi yao huona jambo ambalo wamelizoea kiasi cha kutolitaja tena: miguu imevimba, mizito kama iliyofungwa mawe, na nyuma ya goti hadi kwenye kifundo imejipinda mishipa minene ya rangi ya buluu.

Wengi husema ni uchovu, au ni uzee. Wengine hupaka siki, wakafunga kitambaa, wakalala. Yafaa ieleweke kwamba hayo ni maradhi yenye chanzo kinachojulikana. Baadhi ya dawa za nyumbani huyasaidia sana, na nyingine huyaficha tu mpaka mguu unapofanya kidonda.

Vilango vilivyolegea

Damu hushuka miguuni kwa nguvu ya moyo. Kurudi juu ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu damu hiyo hupanda mlima. Hupita katika mishipa iitwayo vena, ambayo ndani yake mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Mtu anapotembea, msuli wa shavu la mguu hujikaza na kuikamua vena, damu ikapanda. Msuli unapolegea, vilango hujifunga ili damu isirudi chini. Ndiyo sababu wataalamu wa afya huuita msuli huo moyo wa pili.

Vilango vikilegea, damu hurudi na kutuama. Mshipa hutanuka, hujipinda, na kujitokeza chini ya ngozi. Mtu anayesimama bila kujongea hukosa msaada wa ule moyo wa pili. Kutuama kwa damu miguuni ni sababu mojawapo inayomwangusha askari kwenye gwaride refu, hata akiwa kijana mwenye afya njema.

Kusimama muda mrefu si chanzo pekee. Maradhi haya hufuata ukoo: mtoto ambaye mama au baba yake anayo yumo katika hatari zaidi. Umri huongeza, na unene vilevile. Akina mama huyapata zaidi wakati wa uja uzito, kwa kuwa damu mwilini huongezeka na tumbo hubana mishipa inayotoka miguuni. Mara nyingi uvimbe huo hupungua miezi michache baada ya kujifungua, lakini kila mimba inayofuata huweza kuurudisha.

Wala si maradhi ya siku hizi. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani wa zamani, anasimulia habari za Gaius Marius, jemadari wa Roma aliyefariki mwaka 86 kabla ya Kristo. Miguu yake yote miwili ilijaa mishipa ya namna hii. Alimpa tabibu mguu mmoja aukate mishipa, akakataa kufungwa kamba, akavumilia kisu bila kuugua. Tabibu alipotaka kuhamia mguu wa pili, Marius alimzuia, akaona kwamba uponyaji wenyewe haulingani na maumivu yale. Jemadari aliyezoea vita alishindwa na tiba ya zama zake. Askari wa leo hana sababu ya kuiogopa tiba namna hiyo, kama tutakavyoona.

Dawa za jikoni

Dawa zinazosifiwa majumbani ni nyingi. Iko siki, viko vitunguu saumu vilivyopondwa, na uko utomvu wa mshubiri, ambao Wanyarwanda huuita igikakarubamba. Utomvu huo huburudisha ngozi, na siki huleta ubaridi kwa muda. Lakini dawa inayopakwa juu ya ngozi haiwezi kukiimarisha kilango kilicholegea ndani ya mshipa. Vitunguu saumu vibichi vikifungwa kwa kitambaa huunguza ngozi, na ngozi ya mguu wenye maradhi haya ni dhaifu na hupona polepole. Maji ya moto nayo yasitumiwe, kwa kuwa joto huzidi kuitanua mishipa.

Katika dawa za mitishamba, iliyochunguzwa zaidi ni ile inayotengenezwa kwa mbegu za mti uitwao kwa Kilatini Aesculus hippocastanum, unaopandwa sana Ulaya. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu na uvimbe kwa muda mfupi. Hata hivyo, mbegu zake mbichi ni sumu. Mama mjamzito, na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, wasiitumie bila idhini ya daktari.

Dawa zilizo bora zaidi nyumbani hazipondwi wala hazichemshwi, nazo ni hizi:

Kwanza, kuinua miguu. Mgonjwa alale chali, miguu ikae juu ya mito au mkeka uliokunjwa, iwe juu kuliko moyo, kwa dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku. Mama mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto.

Pili, kuutumia moyo wa pili. Aliye zamu asisimame kama nguzo. Kila baada ya dakika chache ainue visigino na kuvishusha mara 10 au zaidi, na akiruhusiwa atembee hatua kadhaa. Hata ndani ya buti, katika mguu sawa, vidole vya miguu vyaweza kukunjwa na kukunjuliwa bila afande kuona kasoro.

Tatu, kubana mguu. Soksi maalumu za kubana, au bendeji inayovutika, huzuia damu isituame. Zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu ukiwa haujavimba, na zivuliwe usiku. Bendeji ianzie karibu na vidole na kupanda hadi chini ya goti, ikikaza zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri inavyopanda. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au kubadilika rangi, ifunguliwe mara moja. Mwenye kisukari, au mwenye mguu usiopata damu ya kutosha, amwone daktari kwanza, maana kubana kwaweza kumdhuru.

Nne, kupunguza uzito. Maharage, mboga za majani kama dodo na isombe isiyojaa mafuta, pamoja na matunda, hushibisha bila kunenepesha kupita kiasi, na humwepusha mtu na kujikamua chooni.

Dalili zisizongoja

Mambo haya hayatibiwi nyumbani. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa kwenye shavu lake, huenda damu imeganda katika vena ya ndani. Donge hilo likikatika laweza kufika kwenye mapafu na kuua. Mguu huo usikandwe kamwe. Akianza kubanwa pumzi au kuumwa kifua, akimbizwe hospitali.

Ngozi ya juu ya kifundo ikiwa nyeusi, ngumu na yenye kuwasha, hiyo ni hatua ya mwisho kabla ya kidonda. Kidonda cha namna hii huweza kukaa miezi au miaka, kikamtoa askari katika kazi yake na kumfanya mama asiweze kulihudumia jiko lake.

Mshipa ukipasuka na damu kuruka, mgonjwa alazwe chini papo hapo, mguu uinuliwe juu, na jeraha libanwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuachia. Mguu usifungwe kamba juu ya jeraha, kwani huko ni kuizuia damu isirudi moyoni, ikazidi kutoka. Baada ya hapo apelekwe kwa daktari.

Tiba ya leo

Hospitalini, daktari huukagua mshipa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, isiyo na maumivu. Mshipa mbovu huweza kufungwa kwa joto linalopitishwa ndani yake, kwa sindano ya dawa, au kuondolewa kwa upasuaji. Tiba ya joto na ya sindano hufanywa mara nyingi kwa ganzi ya mguu tu, na mgonjwa akarudi nyumbani siku ileile. Damu haikosi njia, kwa sababu hupita katika vena nzima zilizobaki. Mwanajeshi na jamaa zake waanze kwa daktari wa kikosi, na waulize mapema bima yao inalipia nini, soksi za kubana zikiwamo.

Mji wa Kigali wenyewe umejaliwa dawa. Tangu mwaka 2016 umekuwa ukitenga siku za barabara bila magari, na watu wa rika zote hutoka kutembea na kukimbia. Kule Nyarutarama, njia inayouzunguka uwanja wa gofu haiishiwi wapita kwa miguu. Kila hatua ya kupanda kilima huukamua msuli wa shavu na kuirudisha damu moyoni.

Kamanda anayewaruhusu walinzi wake kubadilishana kusimama na kutembea hapunguzi nidhamu; analinda miguu itakayolinda zamu ya kesho. Na mume anayempokea mkewe beseni la nguo ili ainue miguu robo saa amempa dawa isiyouzwa dukani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.