Alfajiri mbili na taa za Majengo

Mla daku wa Pumwani au Eastleigh hutazama saa na kusikiliza adhana. Mbingu haimwambii kitu. Taa za barabarani, na zile za milingoti mirefu ziitwazo mulika mwizi, zimeifunika alfajiri ya uwongo.

Kwani alfajiri ni mbili. Ya kwanza ni mwanga hafifu uliosimama upande wa mashariki, ambao Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa-mwitu. Ni nuru ya jua inayopiga vumbi lililoenea baina ya sayari. Mwanafalaki Cassini aliuchunguza mwaka 1683. Huo haukatazi kula, wala hauleti wakati wa Sala. Ya pili hutanda kwa upana ukingoni mwa mbingu, na hapo ndipo saumu huanza.

Nchi za kaskazini huungoja mwanga huo wa kwanza Septemba na Oktoba. Sisi wa karibu na Ikweta, njia ya jua husimama karibu wima mwaka mzima, basi huonekana msimu wowote, penye giza lisilo na mbalamwezi.

Kijana wa Majengo aendapo Pate likizoni, na atoke saa kumi na robo usiku, azitazame zote mbili. Ratiba za Sala zikihitilafiana, aliyeziona kwa macho ndiye mwenye hoja.