Msonge wa Wahaya una somo kwa maghorofa ya Bukoba na Muleba

Na Mwandishi Wetu

MAJENGO ya ofisi yenye kuta za vioo yamekuwa alama ya maendeleo katika miji mingi ya Tanzania. Benki, mashirika na wafanyabiashara huyapenda kwa kuwa hung'aa na huonekana ya kisasa. Swali linalowahusu wakazi wa Bukoba na Muleba ni moja: je, jengo la namna hiyo linaifaa hali ya hewa ya Kagera?

Ukiangalia jinsi jengo hilo linavyofanya kazi, jibu ni kwamba haliifai. Kioo hupitisha miali ya jua, kisha huzuia joto lisitoke. Madirisha yasipofunguka, mwenye jengo hulazimika kuwasha viyoyozi kutwa nzima. Hayo hutokea katika mji ambao kwa asili hauna joto kali. Bukoba iko mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana kwa kawaida ni karibu nyuzi 26 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 17. Nyanda za Kamachumu wilayani Muleba zina ubaridi zaidi. Anayewasha kiyoyozi huko, kwa sehemu kubwa, analipia joto ambalo jengo lake mwenyewe limelitengeneza.

Tena umeme nao hukatika. Kwa miaka mingi Bukoba ilitegemea umeme ulioletwa kutoka Uganda, na wakazi wake wanajua vema maana ya kukaa gizani. Ofisi ya vioo isiyo na madirisha ya kufunguka haikaliki umeme unapokatika.

Wajenzi wa zamani wa Kagera walikabili jua na mvua hizo hizo bila umeme. Nyumba yao ya asili, msonge, ambayo kwa Kihaya huitwa mushonge, ilijengwa kwa miti, fito na matete, ikafungwa kwa kamba na kuezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Paa ndilo lililokuwa ukuta.

Kila sehemu ilikuwa na kazi yake. Mteremko mkali uliondoa maji upesi, jambo la lazima mahali panaponyesha takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Unene wa nyasi ulizuia joto la mchana na baridi ya usiku. Moshi wa jikoni ulipenya taratibu katika nyasi, ukazikausha na kupunguza wadudu. Nje, migomba ya kibanja ilitoa kivuli na kuvunja nguvu ya upepo.

Hapana anayependekeza ghorofa iezekwe nyasi, kwa kuwa hatari ya moto inatosha kulikataza jambo hilo. Kinachofaa kurithiwa ni kanuni: jengo lijikinge lenyewe na jua na mvua kabla ya kuomba msaada wa mitambo.

Kanuni hiyo huanza na kuliweka jengo upande unaostahili. Bukoba iko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi mwaka mzima. Hata mwezi Juni, linapoelekea kaskazini, huwa juu kwa nyuzi zipatazo 65. Kwa hiyo upenu wa mita 1 hutia kivuli takriban mita 2 za ukuta wa kaskazini wakati wa adhuhuri. Jua la saa 10 jioni, kinyume chake, hupiga ukuta wa magharibi kwa kulala, na upenu huo huo haukingi hata mita 1. Ndiyo maana ghorofa refu linapaswa kuelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, na kupunguza madirisha ya mashariki na magharibi.

Hapa pana mgongano unaohitaji akili ya msanifu. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka Ziwa Victoria. Kwa Bukoba ziwa liko mashariki, upande ule ule tunaotaka kuuziba kwa ajili ya jua la asubuhi. Dawa yake ni kufanya jengo liwe jembamba, liwe na madirisha yanayotazamana, na kutoa kuta fupi zinazochomoza nje ili ziudake upepo na kuuingiza vyumbani.

Mifano ipo. Mjini Zanzibar, jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilizungushiwa baraza pana katika kila ghorofa ili jua lisifike ukutani. Nchini Malaysia, mnara wa ofisi wa Menara Mesiniaga, uliosanifiwa na Ken Yeang na kukamilika mwaka 1992, uliweka lifti, ngazi na vyoo upande wa mashariki, vyumba hivyo vikawa ngao ya ofisi dhidi ya jua. Jijini Nairobi, ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011 hupoozwa kwa hewa inayoingia madirishani, kisha ikipata joto hupanda na kutokea juu kupitia uwazi ulio katikati ya jengo.

Paa nalo halipaswi kuwa kifuniko tu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hivyo paa la mita 500 za mraba mjini Bukoba hupokea karibu lita milioni 1 kwa mwaka, kabla ya kutoa yanayopotea. Maji hayo yakikingwa katika matangi yanaweza kuhudumia vyoo na usafi.

Hata hivyo, upepo na kivuli havitoshi. Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliikumba Kagera. Watu 17 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa na maelfu ya nyumba kuharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Ukuta wa matofali usio na nondo hupasuka na kuanguka kwa uzito wake, wakati jengo jepesi lililofungwa kwa kamba huweza kuyumba bila kuporomoka.

Kwa hiyo anayetaka madirisha mengi ya kupitisha hewa hana budi kwanza kuwa na fremu imara ya zege na nondo, asitoboe kuta karibu na pembe, wala asibebeshe vilele vya jengo mzigo usio wa lazima. Mapenu na kuta zinazochomoza lazima zifungwe barabara kwenye fremu, la sivyo kivuli cha leo kitakuwa kifusi cha kesho.

Gharama ya kuliweka jengo sawasawa ni ndogo mchoro ukiwa bado mezani, lakini jengo likishasimama halizungushwi tena. Kabla ya kupitisha ramani za ofisi mpya, halmashauri za Bukoba na Muleba zingefanya vema kumwuliza kila mjenzi maswali matatu: jua litakingwa na nini, upepo utapita wapi, na jengo litasimamaje ardhi ikitikisika?